Umeme wa pedali za gitaa: waya wa mnyororo au boksi lenye matundu yaliyotengwa?

Solo wa Sinza

Habari zenu, ndugu wapiga gitaa. Ninapiga gitaa la solo katika bendi ya dansi hapa Dar es Salaam, na Jumapili ninapiga kanisani, kwa hiyo ubao wangu wa pedali unahamishwa kila wiki na kuchomekwa kwenye soketi za kila aina. Juu ya ubao huo nina tyuna ya Boss TU-3, ovadraivu ya Ibanez TS9, korasi ya zamani ya Boss CE-2 ambayo niliinunua ikiwa imeshatumika, pedali ya mwangwi ya Boss DD-7, riveba ya Boss RV-6, na pedali ya fazi iliyotengenezwa kwa mkono yenye transista za jerimaniamu. Fazi inatumia betri yake ya volti 9. Pedali nyingine zote zinapata umeme kutoka adapta moja ya volti 9 kupitia waya wa mnyororo, yaani waya mmoja wenye ncha nyingi, moja kwa kila pedali.

Tatizo langu ni kelele nyembamba ya mluzi, ambayo husikika kila nikikanyaga ovadraivu na kupotea nikiizima. Tatizo hilo limenifanya nizunguke Kariakoo kutafuta chanzo kingine cha umeme, na nimeonyeshwa vitu vitatu: adapta ya kamera za ulinzi ya volti 12 na ampea 2, ambayo muuzaji anasema ina nguvu ya kuendesha pedali zote, boksi jepesi lenye matundu kumi ambalo limeandikwa kwamba kila tundu limetengwa (yaani umeme wake haujaunganishwa na wa matundu mengine), na boksi zito lililotumika, lenye transfoma ndani, lililotoka Marekani na kuandikwa volti 120. Naomba ushauri nichukue lipi. Naomba pia kufahamishwa kama ampea zikizidi zinaweza kuunguza pedali, kwa sababu nimesikia maelezo yanayopingana.

Fundi Tandika

Ndugu yangu, nitaanza na swali la mwisho, kwa kuwa ndilo linalowapotosha watu wengi madukani. Ampea zilizoandikwa kwenye adapta ni uwezo wake wa mwisho wa kutoa, na pedali huvuta kiasi inachohitaji tu. Pedali inayohitaji miliampea 20 itavuta 20 hizo hizo hata ukiichomeka kwenye adapta ya ampea 3. Volti ndizo husukumwa mpaka ndani ya pedali, ipende isipende, kwa hiyo volti ndizo za kuogopa, pamoja na mwelekeo wa chanya na hasi.

Kwa sababu hiyo adapta ya kamera za ulinzi iache hapo hapo dukani. Ina volti 12 wakati pedali zako nyingi zimetengenezwa kwa volti 9. Zaidi ya hapo, adapta za kamera kwa kawaida huwa na chanya kwenye tundu la katikati ya ncha, ilhali pedali za Boss, Ibanez na karibu zote zinazofuata desturi yao zinataka hasi katikati na chanya kwenye bomba la nje. Ncha zenyewe ni za kipimo kimoja, milimita 5.5 kwa nje na 2.1 kwa ndani, kwa hiyo itaingia vizuri kabisa bila kukuonya chochote. Tazama mchoro mdogo ulio ubavuni mwa pedali, pale kwenye tundu la umeme: ni kiduara chenye nukta katikati, na alama iliyounganishwa na ile nukta ndiyo inayotakiwa kuwa katikati. Mchoro huo huo uko kwenye kibandiko cha adapta. Michoro hiyo miwili isipofanana, usichomeke.

Sasa tujumlishe mahitaji yako. TU-3 huvuta takriban miliampea 30, na hufika 85 ukiiweka kwenye mwanga mkali. DD-7 huvuta takriban 55, RV-6 takriban 95. TS9 na CE-2 ni pedali za analogi na hazivuti sana, hivyo ukizihesabia 20 kila moja umezikadiria juu. Fazi ni miliampea chache tu. Jumla yote haifiki 300. Adapta yako ya sasa, ikiwa ni ya miliampea 500, inatosha na inabakiza. Hii ina maana kwamba mluzi wako hautokani na uhaba wa umeme, na kununua adapta yenye ampea nyingi zaidi hakutaupunguza hata kidogo.

Mluzi huo unatoka kwenye DD-7 na RV-6. Hizi ni pedali za dijitali: ndani yake kuna prosesa inayofanya kazi kwa kufuata mapigo ya saa yake, na huvuta mkondo kwa vipigo vidogo vya haraka sana badala ya kuuvuta kwa utulivu. Pedali zote zikiwa kwenye mnyororo mmoja, zinagawana waya mmoja wa chanya na mmoja wa hasi, na kwa kuwa hasi ya umeme ndiyo pia njia ya kurudi ya sauti kupitia ganda la waya wa gitaa, vipigo vile vinapata njia ya kuingia kwenye sauti. Ovadraivu kazi yake ni kukuza ishara ndogo. Ikikuta vipigo hivyo kwenye ingizo lake, inavikuza pamoja na gitaa. Ndiyo maana unausikia mluzi unapoikanyaga TS9, ingawa TS9 yenyewe haina kosa.

Kabla hujatoa fedha, hakikisha kwanza. Chomoa DD-7 kwenye mnyororo, iweke betri mpya ya volti 9, kisha usikilize. Halafu fanya hivyo hivyo kwa RV-6. Betri za alkalini zina takriban miliampea-saa 500, kwa hiyo RV-6 itamaliza betri moja kwa saa chache tu, lakini kwa jaribio inatosha sana. Mluzi ukipotea, umepata jibu. Kama unachosikia ni mvumo mzito ambao hupungua au kuongezeka unapogeuka na gitaa mkononi, huo ni wa pikapu za koili moja (zile sumaku za gitaa zinazonasa mtikisiko wa nyuzi), na hakuna boksi la umeme litakaloutibu.

Kuhusu lile boksi la matundu kumi, usiamini maandishi. Nenda na multimita. Boksi likiwa halijachomekwa ukutani na halina pedali yoyote, weka mita kwenye mlio wa kupima mwendelezo, gusa katikati ya ncha ya tundu la kwanza kwa waya mmoja wa mita na katikati ya ncha ya tundu la pili kwa waya mwingine. Mita ikilia, hasi za matundu hayo mawili ni waya mmoja, na boksi hilo ni mnyororo uliofungiwa ndani ya bati. Rudia kwa matundu yote, maana yapo maboksi ambayo yametenga matundu mawili tu. Boksi lililotengwa kwa kweli lina koili yake ya transfoma, au kigeuzi chake kidogo, kwa kila tundu, na hiyo ndiyo gharama halisi unayoilipia. Muuzaji akikataa lisipimwe, nenda duka jingine.

Lile la Marekani lina sifa nzuri ya kuwa na transfoma, ila volti 120 zilizoandikwa ni sharti. Umeme wetu ni volti 230 kwa hezi 50. Ukilichomeka moja kwa moja transfoma itaungua, na kama fyuzi yake iliwahi kubadilishwa na kuwekwa kubwa, inaweza kuwaka moto. Ungelazimika kubeba na transfoma ya kushusha kila unapokwenda kupiga. Mimi ningetafuta boksi lililoandikwa volti 100 hadi 240, hezi 50 na 60.

Besi Mbagala

Kaka, fundi ameeleza vizuri. Naongeza suala la umeme wa kumbi zetu, ambao hautabiriki. Boksi la transfoma ya kawaida hata likiwa la volti 230 hutegemea umeme wa ukutani usishuke mno. Umeme ukishuka jioni wakati mtaa mzima umewasha vifaa, au genereta ya ukumbi ikilemewa, kidhibiti cha ndani hukosa volti za kutosha kushikilia 9, na utasikia mvumo wa hezi 100 ukiingia kwenye spika. Boksi la kisasa linalokubali volti 100 hadi 240 hustahimili mshuko huo bila wewe kujua. Kwa mwanamuziki wa hapa Dar es Salaam ningeipa sifa hiyo uzito sawa na ile ya matundu kutengwa.

Jambo la pili nalisema kwa msisitizo. Wapo watu watakaokushauri kwamba ili mvumo upotee, ukate pini ya ethi kwenye plagi ya amplifaya au uchomeke kwa plagi ya pini mbili. Usikubali kamwe. Amplifaya isiyo na ethi ikipata hitilafu, umeme unakaa kwenye nyuzi za gitaa, wewe umeshika nyuzi hizo, na mdomo wako unagusa maikrofoni iliyounganishwa na miksa yenye ethi. Shoti hiyo inapita kifuani. Mvumo wa kanisani mara nyingi hutokana na amplifaya na miksa kupata umeme kutoka soketi za pande mbili tofauti za jengo, zikawa na njia mbili za ethi zinazokutana kupitia waya wa sauti. Omba ekstensheni moja inayotoka soketi ile ile ya miksa, uchomeke amplifaya na ubao wako hapo, usikilize tena.

Solo wa Sinza

Fundi, shikamoo, na kaka wa Mbagala nakushukuru. Nimefanya jaribio la betri. Nilipoitoa DD-7 peke yake mluzi ulipungua, na nilipoitoa RV-6 pia ukaisha kabisa. Nimelipima lile boksi la matundu kumi na mita imelia kwenye kila jozi, kwa hiyo nimelirudisha kwa muuzaji na ninatafuta lenye kutengwa kwa kweli. Nina maswali mawili yaliyobaki. CE-2 imeandikwa ACA ubavuni, wakati nyingine zimeandikwa PSA. Je, kuna tofauti? Na je, fazi naweza kuitoa kwenye betri?

Fundi Tandika

Marahaba. Tofauti ipo, na ni vizuri umeiona kabla hujanunua. Pedali za Boss za ACA zilitengenezwa kwa adapta ya zamani ambayo volti zake hazikudhibitiwa na zilikuwa juu ya 9, kwa hiyo ndani yake kuna rizista na dayodi za kuzishusha. Za PSA ni za adapta ya baadaye yenye volti 9 zilizodhibitiwa. Kwenye mnyororo hukuliona tatizo kwa sababu hasi ya CE-2 ilikuwa inapata njia ya mkato kupitia ganda la waya wa sauti kwenda kwenye pedali za PSA. Ukiipeleka kwenye tundu lililotengwa la volti 9, njia hiyo ya mkato haipo tena: taa yake itafifia na sauti itakuwa dhaifu. Tafuta boksi ambalo angalau tundu moja linaweza kubadilishwa kuwa volti 12, uipe CE-2 tundu hilo. Voodoo Lab Pedal Power 2 Plus, kwa mfano, ina swichi kwa ajili ya kazi hiyo hiyo, lakini uhakikishe ni toleo la volti 230. Tundu hilo la volti 12 liwekee alama ya rangi, ili mtu anayekusaidia kufunga vyombo usiku asilichomeke kwenye pedali nyingine.

Fazi za jerimaniamu zinazofuata mfumo wa Fuzz Face ya mwaka 1966 mara nyingi zina transista za aina ya PNP, na ndani yake chanya ndiyo iliyounganishwa na ganda la waya wa sauti, kinyume na pedali zako nyingine zote. Ukiiweka kwenye mnyororo, chanya na hasi zitakutana kupitia waya wa sauti na adapta itapigwa shoti papo hapo. Kwenye tundu lililotengwa peke yake inawezekana, kwa kutumia waya mfupi unaogeuza chanya na hasi. Hata hivyo, fazi hiyo inavuta mkondo mdogo sana, na betri moja itaifaa kwa muda mrefu mradi uchomoe waya wa gitaa kwenye ingizo lake kila umalizapo kupiga, kwa sababu waya huo ndio unaoiwasha. Mimi ningeiacha kwenye betri, na matundu yaliyotengwa ningeyapa DD-7 na RV-6 kwanza, kila moja tundu lake lenye uwezo wa miliampea 100 au zaidi.