Eti "rudi kwenye daftari lako la dagaa"!

Wakuu, nina hasira hadi chai imenishinda. Simtaji, mnamjua nyote. Yule bingwa wa kupiga picha skrini yake.

Nauza dagaa soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza. Daftari limeloa mara ya tatu, nikahamia ile apu ya kuandikia kumbukumbu mnayoisifia. Nafungua: ukurasa mweupe kama kanzu ya Idi. Hakuna pa kuanzia. Mipangilio sasa, vyumba vingi kuliko gesti zote za Nyegezi! Siku mbili nachagua rangi, gunia hata moja sijaandika.

Nikauliza kwa adabu kwenye kundi: nitapangaje tarehe, magunia, bei, na usiku wa giza na wa mbalamwezi? (Mbalamwezi ikiwaka dagaa hawafuati taa, mzigo unapungua.) Akajibu mbele ya watu wote: "Kama huwezi kutengeneza kiolezo chako, rudi kwenye daftari lako la dagaa."

La DAGAA! Dagaa hao wamesomesha wadogo zangu watatu!

Wangeweka violezo (kurasa zilizokwisha kupangwa, wewe unajaza tu) vitatu tayari, cha mauzo, cha kazi za siku, cha shajara, mengine wayafiche mpaka mtu azoee. Kuna ugumu gani? Lakini eti daftari la dagaa. Mbele ya watu.

Sangara Mkavu: Kwenye apu hizo alama ya reli (#) mwanzo wa mstari ni kichwa cha habari, nyota mbili kila upande maneno yanakolea. Markdown hiyo, namna ya kupanga maandishi kwa alama tu, John Gruber kaitoa 2004. Ulikuwa wapi?

Mleta uzi: Wewe ulikuwa wapi juzi nilipouliza? Ningejibiwa hivi nisingeitwa daftari la dagaa.

Jirani wa Mabatini: Hamia Org mode, ya kupangia kumbukumbu ndani ya Emacs, ile programu ya kuandikia ya kompyuta. Kaianzisha mwanafalaki, Carsten Dominik, 2003. Faili la maandishi tu, halifi.

Mzee wa Igoma: Mtu kashindwa na mtumbwi unampa meli aendeshe?

Binti Ukerewe: Poleni na apu zenu. Ninyi wa Mwaloni mbona dagaa wana mchanga? Jana nimeosha maji saba, bado meno yanalia kra kra.

Mleta uzi: Dada, mada ni yule jamaa.

Sangara Mkavu: Hapana, mchanga kwanza. Hata mimi.

Mzee wa Igoma: Hao wameanikwa chini. Nunueni wa kichanja.

Binti Ukerewe: Wa kichanja bei yake unaijua, mzee wangu?