Kadi inalia kama nyenje kila nikirenda: tatizo ni kadi, pawa saplai au umeme?

ngambo_edits (Kikwajuni)

Assalam alaykum jamani. Nahariri video za harusi, na sauti ya msimulizi narekodi chumba hichohicho, kwa hivyo kelele yoyote ya mashine inaingia kwenye maiki. Kompyuta ina kadi ya grafiki ya mtumba ya wati 220, vichwa viwili vya pini 8. Pawa saplai ni mpya, wati 650. Umeme unatoka kwenye soketi, unapita stabilaiza, halafu UPS (betri ya akiba) ya 650 VA, ndo unafika kwenye mashine. Skrini ni ya 75 Hz.

Nikirenda (kompyuta ikitengeneza video ya mwisho), kadi inalia kwa vipindi kama nyenje. Watoto wakifungua gemu, kwenye menyu tu kabla hata hawajacheza, inapiga mluzi wa kukera masikio. Umeme ukikatika na UPS ikashika, inaingia sauti nyengine nzito ya kunguruma. Na usiku nikishazima kompyuta kabisa, bado kuna kimlio chembamba huko nyuma ya keisi.

Mmoja kaniambia nimimine gundi ya moto juu ya koili. Mwengine kaniambia nitupe pawa saplai. Je, hii ni khatari? Na nianze wapi kabla sijatoa pesa?

fundi_fuoni

Wa alaykum salaam. Gundi iweke kando, na pesa zako zibaki mfukoni kwanza. Hapo huna kelele moja, una nne, na kila moja ina kwao. Ukizivamia zote kwa pamoja hutajua kipi kimesaidia.

Mluzi wa menyu ni wa kadi. Kandokando ya chipu kuna vijisanduku vya kijivu vyenye waya wa shaba uliozungushwa ndani. Hizo ndizo koili zinazosaidia kushusha volti 12 ziwe karibu volti 1 inayoliwa na chipu. Umeme ukizidi, usumaku unausukuma waya na kiini chake, ukipungua vinarudi. Saketi hiyo hukata na kuunga mara laki tatu hadi laki tano kwa sekunde, yaani 300 hadi 500 kHz, na sikio la mtu linaishia 20 kHz, kwa hivyo mkato huo wenyewe huusikii. Unachosikia ni mzigo unaopanda na kushuka. Kila fremu, yaani kila picha moja ya skrini, chipu inakula, kisha inapumua. Menyu haina kazi nzito, basi kadi inachora fremu 900 au zaidi kwa sekunde, na mzigo unatikisika mara 900, pamoja na milio inayopanda juu yake ya 1,800, 2,700 na kuendelea. Huko ndiko sikio linakosikia vizuri zaidi. Kapasita (vihifadhi chaji) ndogo za kauri nazo zinatikisika zikipata volti inayopanda na kushuka, ndo maana hata kadi yenye koili nzuri inaweza kuimba.

Dawa ni kuzuia fremu. Skrini yako ni ya 75 Hz, yaani picha 75 kwa sekunde, haioneshi zaidi ya hapo hata kadi ijiue. Kama kadi ni ya NVIDIA, ingia NVIDIA Control Panel, "Manage 3D settings", kisha "Max Frame Rate", andika 75. Kama ni ya AMD, washa Radeon Chill, kima cha chini na cha juu vyote 75. Mluzi wa menyu utakufa hapohapo au utashuka sana. Ukibaki vilevile, tumemkosa mshukiwa.

Mlio wa kurenda hautasikia amri hiyo, maana kurenda hakufuati fremu za skrini. Hapo punguza wati. Kwa NVIDIA, fungua Command Prompt kwa ruhusa ya msimamizi, andika `nvidia-smi -q -d POWER` uone kima cha chini na cha juu ambacho kadi inakubali, halafu `nvidia-smi -pl 165`. Hiyo ni robo tatu ya 220. Ukizima na kuwasha inarudi kama zamani, kwa hivyo ukiipenda iandike kwenye faili linalojiendesha kila Windows ikiwaka.

Njia bora kuliko hiyo, ila yataka subira, ni kushusha volti ya chipu kwa programu ya MSI Afterburner. Bonyeza Ctrl+F, mstari wa volti na kasi utafunguka. Tazama kwanza kadi yako inafikia kasi gani ikiwa kazini. Tuseme 1,800 MHz kwa volti 1.05. Shika kitone cha 900 mV (volti 0.90), kipandishe hadi 1,800, kisha vitone vyote vilivyo kulia kwake vishushe vilale sawa nacho, halafu bonyeza alama ya kukubali. Umeme unaoliwa na chipu unakwenda kwa mraba wa volti, kwa hivyo kutoka 1.05 hadi 0.90 kwa kasi ileile unaondoa zaidi ya robo ya mzigo. Jaribu kurenda kwa nusu saa. Skrini ikiwa nyeusi, programu ikijifunga au vikitokea viraka vya rangi, ongeza 25 mV au shusha 30 MHz. Usihifadhi ijiwashe yenyewe mpaka imeshinda siku nzima bila kuanguka, usije ukahangaika kuingia Windows.

Kimlio cha usiku ni cha pawa saplai. Ndani yake mna saketi ndogo ya volti 5 isiyolala madhali swichi ya nyuma iko kwenye I. Mzigo ukiwa mdogo mno inafanya kazi kwa mafungu, inavuta na kupumzika ili isipoteze umeme, na mafungu hayo ndiyo yanayosikika. Weka swichi kwenye 0. Kikinyamaza baada ya sekunde chache, umekipata. Si khatari, zima swichi ulale.

Kunguruma kwa UPS namwachia mtu wa Chake, anaijua kuliko mimi.

mtu_wa_chake

Haya, niko hapa.

UPS za bei ya chini zikiwa kwenye betri hazitoi wimbi laini kama la soketi, zinatoa wimbi la ngazi. Pawa saplai za kisasa zina saketi ya mbele inayorekebisha mvuto wa umeme ili ufuate wimbi laini. Ikipewa ngazi, kila ukingo wa ngazi unavuta umeme kwa mshindo, na koili kubwa ya mbele na transfoma ya UPS zinanguruma pamoja. Nyengine hata huzima.

Lakini wewe una jambo kubwa kuliko sauti. UPS ya 650 VA kwa kawaida ni wati 360 hadi 390 tu. Tazama kibandiko chake. Kadi 220, prosesa tuseme 100, vyengine 30: jumla 350. Pawa saplai yenye ufanisi wa asilimia 88 itavuta karibu 400 kutoka kwa UPS. Ongeza skrini ya wati 30, unafika 430. Umeizidishia, yakhe. Ukiibana kadi kwenye 165 kama alivyosema fundi, hesabu inashuka hadi karibu 365, inaingia kwa tabu. Kwa hivyo amri ile moja inatibu mawili. Na umeme ukikatika usiendelee kurenda: hifadhi kazi, zima.

Pili, pima volti. Mita ya kawaida iliyoandikwa CAT II au CAT III inatosha, iweke kwenye V~ upande wa 600 au 750. Pima kwenye soketi wakati wa kurenda, tena saa za jioni majirani wote wakiwa wamewasha AC. Inatakiwa iwe karibu 230. Ukisoma 180, pawa saplai haitolalamika sana kama imeandikwa 100-240, lakini kwa wati 400 itavuta ampea 2.2 badala ya 1.7, na koili ya mbele itaimba zaidi. Halafu pima baada ya stabilaiza. Ikiwa kabla ni 225 na baada ni 222, hiyo stabilaiza inakuongezea mngurumo wa 100 Hz bure, hasa kama UPS yako nayo inarekebisha volti. Iruke kwa siku moja usikilize.

Usisahau ethi (waya wa ardhini). Kati ya nyutro (waya wa kurudishia umeme) na ethi volti isizidi 2 au 3. Ukipima laivu (waya wa moto) na ethi ukapata namba inayoyumbayumba, ethi haipo, na nyumba za zamani nyingi ziko hivyo. Bila ethi, bati la keisi linaweza kukaa karibu volti 115 kupitia kapasita za kichujio. Ukilipapasa kwa mgongo wa mkono linakutekenya. Hilo haliletwi na koili wala haliponyi koili, ila ndilo linaloleta kuvuma ndani ya spika na rekodi, watu wakadhani kadi inalia.

solda_na_subira

Nije kwenye gundi, maana ushauri huo unazunguka sana.

Koili za kadi za leo zimefinyangwa na unga wa chuma, waya umo ndani kabisa. Kuzipaka gundi nje ni kama kumfunika mwimbaji khanga. Gundi ya moto yenyewe inalainika kwenye nyuzi 80 hivi, na sehemu hiyo ya kadi ikiwa kazini inafika huko na kupita. Itatiririka, itaganda juu ya vipozea joto, na udhamini umekwisha.

Inapofaa ni kwenye koili za mtindo wa pete, waya unaonekana kwa macho na ukiugusa kwa kijiti, mashine ikiwa imezimwa na kuchomolewa, unacheza. Tumia silikoni ya elektroniki isiyo na asidi, tone dogo kati ya waya na bodi, saa 24 ikauke. Inaiva kwa kunywa unyevu wa hewa, na unyevu Unguja tunao wa kugawa. Ile ya madirisha yenye harufu ya siki usiitumie kabisa, asidi yake inakula shaba.

Pawa saplai usifungue. Kapasita yake kubwa inabeba karibu volti 400, na inaweza kubaki na chaji hata baada ya kuchomoa waya. Hakuna kimlio chenye thamani hiyo.

Kubadilisha pawa saplai nako si uhakika. Koili zinazolia ziko kwenye kadi. Azima nyengine kwanza kabla ya kununua. Na tazama nyaya: kila kichwa cha pini 8 kipate waya wake kutoka pawa saplai, usitumie waya mmoja wenye vichwa viwili. Mara nyengine hilo linapunguza mlio, na halikugharimu kitu.

Mlio wa koili wenyewe hauui kadi. Cha kuogopa ni kuchachatika kama mafuta yanayokaanga, harufu ya kuungua, au pawa saplai iliyokuwa kimya miaka mitano ikaanza ghafla kulia, maana hapo kapasita zinakauka. Chachatiko mara nyingi huku kwetu ni vumbi lililonywa chumvi ya bahari likapitisha umeme. Chomoa, safisha kwa brashi laini na spiriti ya isopropili ya asilimia 99, acha ikauke ndipo uwashe.

bi_maiki

Nyinyi mmemaliza mashine, mimi niseme rekodi. Mlio wa koili mara nyingi ni wa juu, na sauti za juu zinakwenda moja kwa moja na kuzimwa kwa urahisi. Wimbi la 5 kHz lina urefu wa karibu sentimita 7 hewani, kwa hivyo sponji ya godoro ya sentimita 5 inalimeza vizuri. Mngurumo wa 100 Hz una urefu wa mita 3.4, sponji hailijui hilo, ondoa chanzo. Mkeka na pazia jepesi havisaidii sana.

Shusha keisi chini ya meza, ubavu usielekee kwako, simamisha sponji kati yake na maiki, ila nyuma na mbele pabaki wazi walau sentimita 15. Chumba chenye nyuzi 31 hakisamehe keisi iliyozibwa. Maiki ya upande mmoja ielekeze mgongo kwenye keisi. Na usirekodi huku unarenda. Kusafisha baadaye ni kazi ya kujitesa, kwa sababu mlio unahama na mzigo: ukikata 3,200 Hz, sentensi inayofuata uko 3,500.

Kama hujui nani analia, kunja karatasi ngumu iwe bomba la nusu mita, weka sikio upande mmoja, pitisha upande wa pili polepole bila kugusa feni. Programu ya Spectroid kwenye simu itakuonesha masafa.

ngambo_edits

Ahsanteni sana. Fremu nimeweka 75, menyu kimya kabisa. Kwa `-pl 165` kurenda kwa dakika 20 kumekuwa 22, na mlio uko lakini haufiki kwenye maiki nikiwa na sponji. Stabilaiza: kabla 228, baada 224, nimeiondoa. Kimlio cha usiku ni swichi kweli. Kati ya nyutro na ethi napata volti 9, hiyo ndo nini?

mtu_wa_chake

Ulipima ukiwa unarenda? Zima kila kitu cha chumba hicho upime tena. Ikishuka karibu na 0, huenda nyutro ina kiungo kilicholegea au waya mwembamba mahali fulani. Ikibaki 9, huenda ethi yenyewe ni dhaifu. Kwa vyovyote mwite fundi umeme aliyesajiliwa akaze viungo vya soketi na vya ubao wa fyuzi, mwanzo soketi hiyo. Kiungo kilicholegea kinapata moto. Hapo sasa ndipo penye khatari uliyoiuliza mwanzo.