Kufundisha kompyuta vijana wasioona Tabora: NVDA (programu inayosoma skrini kwa sauti) inatosha kuwafikisha kwenye ajira?

Isevya_TBR
Wakuu, tunaandaa mafunzo ya miezi mitatu hapa Tabora mjini. Vijana ni sita: wanne hawaoni kabisa, wawili wana uoni hafifu. Nukta nundu wanasoma vizuri, kibodi hawajaigusa. Laptopu zipo tatu za mitumba, RAM GB 4. JAWS, programu ya kulipia ya kazi hiyohiyo, bei yake hatuiwezi. Je, NVDA inatosha? Na sauti tuweke Kiswahili au Kiingereza?

Mwl_Nukta
Inatosha. Ni ya bure, ilianzishwa Australia 2006, na kazi za kawaida za ofisini inazimudu. GB 4 itabeba, ila msirundike kurasa za intaneti.

Ikifunguka mara ya kwanza, chagueni CapsLock iwe kitufe cha NVDA na mpangilio uwe wa laptopu. Kisha bonyezeni NVDA+1, yaani CapsLock na 1 kwa pamoja: kila kitufe kitajitaja jina bila kufanya kazi yoyote. Wiki ya kwanza iishie hapo, vidole vikijipanga kwa vinundu vya F na J. Wakumbusheni kubonyeza tena NVDA+1 wakimaliza, la sivyo watadhani mashine imeganda.

Mtakalokutana nalo sana ni ukimya. Mwanafunzi anataka Ctrl+S ya kuhifadhi, anashika CapsLock na S, sauti inazimika. Arudie NVDA+S taratibu mpaka asikie "talk". Ikiwa NVDA yenyewe imefungwa, Ctrl+Alt+N huiwasha. Na NVDA+F7 ikipunguza sauti au mwanga badala ya kuleta orodha ya viungo na vichwa vya habari, tatizo ni Fn, kitufe kinachobadilisha kazi za F1 hadi F12. Laptopu nyingi hubadilisha kwa Fn+Esc.

Hedifoni wavae sikio moja tu, lingine limsikilize mwalimu.

UjijiTek
Kuhusu sauti, eSpeak (programu ya sauti inayokuja na NVDA) ina Kiswahili, lakini itasoma "Save" kama "sa-ve" na "File" kama "fi-le". Ukiweka Kiingereza kila mahali nako kuna balaa: mwanafunzi akiandika e anasikia "ii", anafuta, anaweka i. Barua nzima inaharibika na kosa si lake.

Tumieni wasifu wa mipangilio. Fungueni Word, bonyezeni NVDA+Ctrl+P, tengenezeni wasifu mpya utakaowaka kwa programu hiyo tu, halafu NVDA+Ctrl+V mchague eSpeak ya Kiswahili. Nje ya Word ibaki Kiingereza. Menyu za Word zitasomwa vibaya, ndiyo, lakini kwa mwezi wa kwanza kuandika ni muhimu kuliko menyu. Baadaye wasifu huo uwekeni uwake kwenye usomaji mfululizo tu, yaani NVDA ikisoma hati yenyewe bila kusimama.

Wale wawili wa uoni hafifu wapeni kikuzaji (Windows na jumlisha) pamoja na sauti. Asiyezoeshwa sauti atainamia skrini siku nzima, na kasi ya kazi hataipata.

Kasulu_Rekodi
Mimi naona mnaanzia mbali na ajira. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na kuendelea awe na asilimia 3 wenye ulemavu, lakini sheria haifungui mfumo wa kompyuta wa ofisi ambao NVDA haiwezi kuusoma. Kabla ya mwezi wa pili tengenezeni NVDA ya kubebeka kwenye flashi: menyu ya NVDA, Tools, Create portable copy. Ombeni ruhusa, maana ofisi nyingine huzuia flashi, mkaijaribu kwenye mfumo wenyewe kwa Tab peke yake. Ikisema "button, button, button" bila majina, vitufe havijaandikiwa lebo. Hapo anatakiwa mtengeneza mfumo, mwanafunzi hata asome mwaka mzima hatafika.

Excel ndiyo ipewe muda mrefu. Simama kwenye kichwa cha safu ya kwanza, NVDA+Shift+C, na kuanzia hapo kila seli itatajwa na kichwa chake. Seli zilizounganishwa huvuruga hilo, zitenganisheni kwanza. Hati iliyoskaniwa ni picha tupu. NVDA+R huyatambua maandishi yake, ila namba zihakikiwe na mtu anayeona.

Isevya_TBR
Asanteni sana. Wawili wanataka kujiajiri, stesheneri.

Kasulu_Rekodi
Hao waende kwa afisa maendeleo ya jamii wa halmashauri. Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengwa kwa mikopo, asilimia 2 ni ya watu wenye ulemavu, na mkopo hauna riba. Andiko la mradi waliandike wenyewe kwenye Word. Ni zoezi zuri la mwezi wa tatu.