Kuongea mbele za watu, tupeane uzoefu wana nyanda za juu

Ndizi_Tukuyu: Ugonile wakuu. Nimechaguliwa kuongea na wanunuzi kwenye maonyesho ya wakulima ya Nane Nane, viwanja vya John Mwakangale Mbeya, kwa niaba ya kikundi chetu cha parachichi. Zao nalijua kuanzia kitalu mpaka kuvuna, ila nikishikishwa maiki mate yanakauka na sauti inakata. Mliopitia hili mlifanyaje?

Kamwene_Iringa: Pole mkuu. Mie umeme ulikatika katikati ya prezentesheni ya utafiti chuoni, projekta kimya, wasimamizi wananitazama tu. Nikafunga laptopu nikawasogelea nikaanza kuwaelezea wale wakulima wa nyanya wa Ilula nilivyowakuta shambani, kumbe yote nilikuwa nayo kichwani. Tangu hapo sisomi ukutani.

Mnyalu_Asili: Ulanzi nusu lita tu, maneno yatakuja yenyewe.

MamaChai_Mufindi: Usimpotoshe mwenzio. Pombe inakausha koo, halafu unajiona unaongea vizuri kumbe watu wanatazamana. Anywe maji ya uvuguvugu.

Mnyalu_Asili: Mama, mbona wazee wetu walikuwa wanaongea barazani na kilabu iko hapohapo?

MamaChai_Mufindi: Walimaliza shauri kwanza ndo wakanywa. Usiwasingizie.

Ticha_Rungwe: Ngoja niseme la kwangu, sijawahi kulisimulia. Msiba huku kwetu, mvua yetu mnaijua, turubai limejaa watu wamesimama mpaka kwenye migomba. Dakika za mwisho naitwa nisome wasifu wa marehemu, eti we mwalimu sauti unayo. Karatasi imekunjwakunjwa, wino wa bluu umeanza kuchuja. Naenda vizuri tu, alizaliwa, alisoma, alifanya kazi, nafika "ameacha mjane mmoja na watoto watano", mama mmoja akasimama kule nyuma kashika watoto wawili, akasema, "Mwalimu, rudia hapo." Jamani!! Ukoo mzima ukageuka kunitazama mimi kana kwamba ndo nimeandika. Mkono unatetemeka mpaka karatasi inasikika kwenye spika. Nikanyamaza, nikatoa pumzi taratibu mpaka ikaisha, nikasema, "Mama nimekusikia, naomba ukae, wazee wapo watakusikiliza, mimi nasitisha hapa." Nikampa mchungaji maiki. Kile kimya mie nilikiona cha saa nzima, walionisikiliza wanasema zilikuwa sekunde chache. Siku hizi karatasi yoyote ya kusoma hadharani naitaka mapema, naisoma kwa sauti aliyeiandika akiwa pembeni.

Kijana_Mwanjelwa: Wale watoto waliandikwa au hawakuandikwa??

MamaChai_Mufindi: Na mjane mkubwa alisemaje?

Ticha_Rungwe: Wazee waliwaita ndani wajane wote wawili, kaburini wasifu ukasomwa upya una watoto saba. Mjane mkubwa hakusema neno.

Kijana_Mwanjelwa: Safi sana hao wazee.

Kamwene_Iringa: Jamani mtoa mada kauliza habari ya parachichi.

Kwaya_Makambako: Ticha kagusa penyewe, pumzi. Moyo kukimbia na mate kukauka ni adrenalini tu, haina maana kwamba huwezi. Vuta kwa pua, toa polepole kwa muda mrefu kuliko ulivyovuta, mapigo yanashuka. Kariri sentensi ya kwanza na ya mwisho basi.

Kijana_Mwanjelwa: Napinga. Kariri yote mwanzo mwisho, mie nilifanya hivyo kwenye sendofu ya dada nikashangiliwa.

Kwaya_Makambako: Na mtu akikukatisha katikati kama yule mama? Ukipoteza neno moja, yote yanaondoka. Mnunuzi atauliza bei kabla hujafika aya ya pili.

Kijana_Mwanjelwa: Wa sendofu hawaulizi bei.

Fundi_Spika_Uyole: Mie huwa nafunga muziki hapo viwanjani. Mabanda yanashindana kwa kelele, usipayuke, utamaliza sauti kabla ya mchana. Maiki iweke karibu, chini kidogo ya mdomo, usiipulize wala kuigonga. Mchague mtu mmoja wa mbele uongee naye kama mko kijiweni, kisha uhamie kwa mwingine. Na shika parachichi, lipasue hapohapo waone nyama yake, mikono ikiwa na kazi haitetemeki.

Ndizi_Tukuyu: Ndaga fijo, asanteni sana. Nipasue Hass au la kienyeji?

Fundi_Spika_Uyole: Hass, ndo wanalofuata. Ila chukua lililoshageuka jeusi, la kijani bado gumu, kisu kitakwama watu wanakutazama.