Picha za wawili Bagamoyo: mpiga picha kasema saa nne asubuhi, nikubali?

BintiTabata
Habari zenu wana jamvi. Mimi na mchumba wangu tunafunga ndoa Januari. Tunataka picha za wawili Bagamoyo, moja iwekwe kwenye bango la ukumbini. Mpiga picha anatoka Dar, bei laki nne na nusu, nguo mbili, picha 30 zilizosafishwa. Tumeshatoa nusu. Amepanga Jumamosi moja ya Disemba, siku mbili baada ya mwezi mpevu, tukutane ufukweni saa nne asubuhi kisha tumalizie Kaole. Mchumba wangu ana haya, akiambiwa atabasamu anakakamaa. Niliona picha ya wawili na jua linazama baharini, nataka kama ile. Mnanishauri nini?

Kijana wa Dunda
Dada, Bagamoyo jua halizami baharini. Bahari iko mashariki. Hiyo ni ya macheo, au ilipigwa Unguja upande wa Mji Mkongwe.

Mama Wawili
Mdogo wangu, saa nne usikubali kabisa. Mimi ni mzaliwa wa Bagamoyo, na picha zangu za ndoa zilipigwa saa hiyo hiyo, siku ya bamvua, yaani siku za mwezi mpevu au mwandamo, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida. Tulifika tukakuta bahari haipo. Tope la kijivu mpaka kule mbali, ngalawa zimelala ubavu, gauni langu limelowa hadi magotini. Jua lilikuwa kali, kivuli cha pua kimemshukia mume wangu mpaka mdomoni, macho kayafumba. Kamera ya yule bwana ilikuwa nzuri sana, ila hakumuuliza mvuvi hata mmoja.

Pwani yetu ni tambarare, maji yakitoka yanakwenda mbali. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa mnamo saa nne. Kila siku yanachelewa karibu dakika 50. Hesabu mwenyewe: Jumamosi yenu yatajaa kama saa kumi na moja na nusu alfajiri, na jua likichomoza mnamo saa kumi na mbili bado yamo. Mwanga laini, maji miguuni, watu wachache. Ikifika saa mbili mmeshamaliza. Saa nne mtakuta yale yale yaliyonikuta mimi.

Kaole nendeni, ila kwa adabu. Ni magofu ya msikiti wa karne ya 13 na makaburi. Funika mabega, simameni chini ya mbuyu au njiani, msiegemee kaburi. Na kukumbatiana kwenye majengo ya njia ya misafara ya watumwa naomba mkuache. Watu waliletwa mji huu wakiwa na minyororo, na sisi wenyeji tunaumia tukiona pamegeuzwa pa kupozi.

Kuhusu haya za mchumba wako, mpe mikono yake kazi. Abebe viatu vyako, akufunge kanga. Katika picha zangu zote ninaipenda moja: mume wangu kapiga goti, ananifuta tope kwenye kifundo cha mguu kwa ncha ya kanga. Hakujua kama anapigwa. Ndiyo iliyopo sebuleni mpaka leo.

Lenzi ya Tanga
Mama kasema yote ya maji. Mimi napiga picha za harusi, naongeza ya mkataba. Andikishaneni picha zitatoka baada ya siku ngapi, na mvua ikinyesha tarehe inasogezwa bila kuongeza hela. Akileta droni, muulize kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Na laleni huko huko. Kutoka Dar ni kama kilomita 70, mtu aliyeamka saa nane usiku uso wake unaonekana kwenye picha.

BintiTabata
Nashukuru sana, hasa wewe Mama Wawili, nimesoma mara mbili nikampigia mpiga picha simu hapo hapo. Mwanzoni alikataa, nilipomtajia bamvua akanyamaza, akasema anaangalia. Amenirudia jioni: saa kumi na moja na nusu tuwe ufukweni. Ijumaa nitalala kwa shangazi yangu Magomeni ya huko huko, mwenzangu na mpiga picha watachukua gesti. Dada, kanga nichukue ipi? Gauni la kwanza ni jeupe.

Mama Wawili
Kisutu, mdogo wangu. Ndiyo kanga ya biharusi, na ule wekundu wake juu ya gauni jeupe alfajiri utapenda mwenyewe. Nunua doti nzima, upande mmoja uvae, wa pili mkalie mkichoka. Ipeleke ikapindwe kwanza, maana Disemba kaskazi imeshaanza kuvuma, na kanga isiyopindwa itatoa nyuzi pembeni. Fikisha salamu zangu kwa shangazi.