Mwani kuwa mweupe na kukatika wakati wa kaskazi: je, sababu ni maji?

Mkulima wa Paje
Assalaam alaykum ndugu zangu. Ninalima spinosamu, aina ya mwani, hapa Paje, Unguja, kwa kamba, taitai (vijikamba vya kufungia vipande vya mwani) na vigingi kama kawaida yetu. Wakati wa kusi mashada hujaa nami huvuna baada ya wiki sita, lakini kaskazi, msimu wa joto, ikianza, kamba za upande wa ufukweni huota madoa meupe, matawi hulainika, kisha hukatika na kuchukuliwa na maji, ilhali zile za karibu na mwamba hubaki na rangi yake. Mbegu ni ile ile. Je, tatizo ni maji?

Bwana Kigingi
Dada, umeshajijibu nusu, kwa kuwa mbegu ni moja na mahali ni pawili. Bamvua, yaani siku za maji kujaa na kupwa sana, huku kwetu hutoa maji kuanzia saa nne asubuhi, kwa hiyo kina kidogo kinachobaki ufukweni hupigwa na jua kali bila kubadilishwa. Mwani hupenda nyuzijoto 25 hadi 30. Joto likizidi hapo kwa saa nyingi, tawi hudhoofika na bakteria hupata pa kuingilia. Huo weupe ndio unaoitwa aisi-aisi. Tena maji yaliyotuama hayaleti naitrojeni mpya kwenye tawi, na mkondo wa mwamba ndio unaozilisha kamba zako za mbali.

Mama wa Micheweni
Nakubali kuhusu joto, ila chumvi isisahauliwe. Masika mvua ikishuka wakati maji yametoka, maji yasiyo na chumvi humwagikia mwani moja kwa moja, na kotonii, aina nyingine ya mwani, ndiyo huumia zaidi. Wengi wetu tuliiacha kwa uchungu, maana bei yake ni nzuri kuliko ya spinosamu. Wala usidhani maji yenye rutuba nyingi ni heri tupu, kwani nyuzi za kijani (magugu ya baharini) hushamiri humo na kuufunika mwani usipate mwanga. Zipangusie kwa mkono mapema.

Mkulima wa Paje
Ahsanteni sana. Leo saa tano nimesimama kwenye kamba za ufukweni: maji yalinifika kifundoni, vuguvugu kama ya kumwogeshea mtoto mchanga, na kwenye mwamba yalikuwa ya baridi na yanakwenda. Bamvua hili nang'oa vigingi vya safu mbili za mwanzo nivihamishie huko.