Mjadala: Njiti hatoki damu, PT (kipimo cha muda wa damu kuganda) imerefuka. Tumwekee plazima (majimaji ya damu yenye vigandishi, hutunzwa yakiwa yamegandishwa)?

Muuguzi wa vichanga, Kigoma: Njiti wa kilo 1.8, siku ya pili, PT ndefu, hatoki damu popote. Mimi nasema awekewe mapema. Damu ikianza kutoka usiku, kuyeyusha tu kwenye maji ya nyuzi 37 kunakula kama nusu saa.

Daktari wa watoto, Tabora: Sista, hofu yako naielewa ila siafiki. Ini la njiti ni changa, PT yake hurefuka kimaumbile. Ukitumia viwango vya mtu mzima, karibu wodi nzima itaonekana inaumwa. Uingereza walishawapa plazima ya kinga njiti wa chini ya wiki 32. Matokeo ya mwaka 1996, watoto wakiwa na miaka 2: vifo na ulemavu havikupungua. Na presha ikishuka, salaini (maji ya chumvi) 10 ml/kg, siyo plazima!

Mtu wa maabara, Kigoma: Mbona hakuna anayeuliza sampuli ilivyochukuliwa? Kichupa cha kifuniko cha bluu kinataka damu sehemu 9 kwa sehemu 1 ya sitreti (dawa inayozuia damu kuganda). Damu isipofika mstarini, au hematokriti (sehemu ya damu ambayo ni chembe nyekundu) ikizidi 55%, sitreti inakuwa nyingi na PT inarefuka ya uongo. Mrija wenye heparini, dawa nyingine ya kuzuia kuganda, nao unaharibu majibu.

Muuguzi: Haya, la sampuli nakubali. Anayetoka damu kitovuni je?

Daktari: Huyo apewe, tena bila kuchelewa. Ila anza na vitamini K, maana ndiyo husahaulika: kinga ni 1 mg pajani baada ya kuzaliwa, 0.5 mg kwa walio chini ya gramu 1500. Plazima ni 15 ml/kg, kwa huyu wa kilo 1.8 ni 27 ml, ipite kwenye chujio la mikroni 170 hadi 200. Kundi lake la damu halijulikani? Mpe plazima ya AB. Ikikimbizwa, mapafu hujaa maji, na sitreti iliyomo kwenye plazima hushusha kalsiamu mtoto akaanza kutetemeka. Pumzi ikibadilika, funga dripu.

Muuguzi: Bado sijaridhika. Mwenye maambukizi makali, PT mara tatu ya kawaida ya umri wake, naye tusubiri atoke damu?

Daktari: Hapo umenibana. Ningerudia kipimo kwa sampuli mpya, na maabara wawe na mfuko wa AB tayari kwenye friza.

Mtu wa maabara: Lakini msituambie tuyeyushe mapema "kwa tahadhari". Mfuko ukishayeyuka haugandishwi tena. Una saa 24 kwenye friji ya nyuzi 4, basi.